DRC: Tangazo la picha katika barua pepe lawaacha vipofu nje

Katika miji ya Kongo, kuanzia Bukavu hadi Lubumbashi, matangazo mengi ya kazi na ya serikali huchapwa, hutiwa sahihi na mhuri, kisha hupigwa skana na kutumwa kwa barua pepe. Mwenye macho huyasoma bila shida. Kipofu hapati hata neno moja.

Vipofu wanaotumia kompyuta au simu husikiliza programu inayosoma skrini kwa sauti. NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure. TalkBack imo katika simu nyingi za Android. Programu hizo husoma maandishi, lakini karatasi iliyopigwa skana ni picha. Zipo njia za kutambua herufi ndani ya picha, ila hukosea, hasa mhuri unapofunika maneno.

Je, dawa ni maandishi matupu yasiyo na pambo? Kwa sehemu, ndiyo. Hayo hufunguka kwenye simu yoyote na hula mega kidogo. Lakini tangazo refu lisilo na vichwa humlazimisha msikilizaji kusikiliza lote ili apate tarehe ya mwisho ya kuomba kazi, na anwani ndefu ya intaneti husomwa alama kwa alama. Barua iliyopangwa vizuri, yenye vichwa halisi, viungo vyenye majina yanayoeleweka na maelezo ya maneno kwa kila picha, humwezesha kuruka moja kwa moja hadi sehemu anayotaka.

Si lazima kuchagua. Tangu mwaka 1992, kanuni za MIME zinaruhusu barua pepe moja kubeba sura zote mbili: iliyopambwa na ya maandishi matupu. Hata hivyo, mtumaji akiweka picha peke yake, hakuna maandishi ya kubeba.

Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja habari na intaneti. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 nayo inalinda haki zao. Ofisini, hatua ya kwanza haidai bajeti: katibu aliyechapa tangazo tayari anayo maneno yake. Ayabandike ndani ya barua, kisha aambatishe nakala yenye mhuri.