Nani Ampime Mtoto wa Ziwani?

Mama anayembeba mwanawe mgongoni kutoka mwaloni Igombe hadi kliniki ana swali moja: je, mtoto anakua sawasawa? Kuhusu uzito, mizani humjibu. Kuhusu kuketi, kusema na kufikiri, jibu hutegemea kipimo, na kipimo hutegemea aliyekitunga.

Hoja hiyo ndiyo iliyowakusanya wanazuoni weusi wa Marekani mwaka 1973, ndani ya chama cha utafiti wa makuzi ya mtoto kilichoundwa mwaka 1933. Walikuwa wachache. Katika tafiti nyingi za wakati ule mtoto mweusi aliwekwa kando ya mweupe, na kila tofauti ikaandikwa kuwa upungufu. Wao walitaka achunguzwe katika nyumba na mtaa wake, na weusi wawe miongoni mwa wanaoamua lipi lichunguzwe. Historia ya miaka yao 25 ya kwanza, iliyohaririwa na Diana Slaughter-Defoe, Aline Garrett na Algea Harrison-Hale, ilichapishwa mwaka 2006 kwa jina lenye maana ya “Watoto wetu pia”.

Afrika Mashariki kosa lilikuja kwa sura ya sifa. Miaka ya 1950, Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga wa Kampala kwa kipimo cha kigeni, akaripoti kuwa wamewatangulia wa Ulaya. Wako waliodhani ni jambo la kuzaliwa nalo. Mwaka 1976 Charles Super, aliyefanya utafiti Kokwet nchini Kenya, alionyesha kwamba akina mama walikuwa wakiwafundisha watoto kuketi na kutembea, yasiyofundishwa hayakuwahi. Kumbe kusifiwa nako kwaweza kumficha mtoto, na kazi ya mama yake pia.

Yupo atakayesema kipimajoto hakina kabila. Kweli, lakini joto husomwa mwilini, ilhali akili husomwa kwa maswali, na maswali yana lugha. Mtoto wa Ukerewe asiyesikia Kiswahili nyumbani huonekana mzito akiulizwa kwa Kiswahili. Asiye na ngazi kwao huonekana mwoga akiambiwa apande.

Kilifi walitunga kipimo chao: Amina Abubakar na wenzake walikichapisha mwaka 2008. Mwanza, yenye Bugando tangu 1971 na chuo kikuu cha tiba kando yake, inastahili kundi la namna hiyo, lenye wauguzi na wazazi ndani yake. Selimundu na malaria ya ubongo si wageni Kanda ya Ziwa. Mtoto aliyenusurika huhitaji kufuatiliwa kwa kipimo kisichomsingizia wala kumpuuza.

Kumpuuza ndiko hatari zaidi. “Atasema tu” limewachelewesha wengi wasiosikia. Muuguzi na aulize kwa lugha ya nyumbani mtoto hufanya nini huko. Na asiyegeuka anapoitwa apelekwe kupimwa masikio sasa, bila kungoja tarehe ya chanjo ijayo.