Kaa la moto au kaa wa pwani?

Ninayo kanda moja ya kaseti iliyorekodiwa harusini, Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliyeimba ni ami yangu, Mungu amrehemu, na maneno ni yake mwenyewe. Hakuyaandika popote, na kanda ni hiyo moja tu. Katika ubeti wa nne anasema kwamba mkono wake umeshika kaa. Tangu nianze kuyanakili mashairi yake ili yapigwe chapa, neno hilo limetugawa ukoo mzima. Shangazi yangu, dada yake marehemu, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini: hilo ni kaa la moto, ndugu yake aliunguzwa na mapenzi, basi. Mimi nasema ni kaa wa pwani, yule aendaye upande upande, na kwamba ami alikuwa akimpiga kijembe mtu asiyemwendea sawa.

Kwa aliyelelewa Mvita maneno hayo si mamoja. K ya kaa wa pwani hutoka na pumzi, na K ya kaa la moto ni kavu. Ndivyo tunavyotenga paa wa mwituni na paa la nyumba, au chungu wanaotambaa na chungu cha kupikia. Lakini pumzi ile ni kitu chembamba mno, haidumu hata nusu ya kupepesa jicho, na katika kanda ya miaka arobaini imefunikwa na mchakacho wa utepe, udi na vigelegele vya kina mama.

Hilo ndilo lililoniingiza mimi, mtu wa kalamu na karatasi, katika soko la amplifaya za hedifoni. Natoa maoni yangu hapa kwa sababu nimewaona watu wakimwaga fedha nyingi katika jambo hili kwa kuongozwa na macho, ilhali mtambo huu hauna kazi ya macho hata chembe.

Naishi Ruiru. Sensa ya 2019 iliuhesabu mji huu karibu watu 490,000, na wengi wetu tumepangwa ghorofa juu ya ghorofa. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, magari hayalali. Matatu hupita na ngoma zake mpaka vikombe vikalia kabatini. Kanuni za kuzuia makelele zipo, zilitolewa mwaka 2009, lakini ni nani atakayeisimamisha matatu saa tano za usiku ili aipime desibeli? Nami nikifungua spika kushindana nayo, jirani wa ukuta wa pili ataniuliza, na haki itakuwa yake. Kwa hivyo hedifoni kwangu si anasa. Ni chumba cha ziada ambacho mwenye nyumba hajakitoza kodi.

Mpwa wangu afanyaye kazi Muscat aliposikia habari hizi alinipigia simu. "Mjomba, usihangaike. Nitakuletea amplifaya ya dola elfu moja na mia tano. Ina uzito wa kilo kumi." Nikamwuliza kilo hizo nitazisikiliza kwa sikio lipi. Akacheka, lakini niliona kwamba nimemvunja moyo, kwani kijana alitaka kunifanyia wema.

Nikatafuta kujua fedha zaweza kufika wapi katika mchezo huu. Mwaka 2015 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitangaza mtambo wake wa HE 1, hedifoni pamoja na amplifaya yake, kwa bei ya karibu yuro 50,000, na amplifaya hiyo imewekwa ndani ya marumaru ya Carrara, Italia. Mimi marumaru nimeyazoea misikitini na makaburini. Na upande wa pili yuko mhandisi mmoja aliyejiita NwAvGuy, asiyepata kulitaja jina lake la kweli, ambaye mwaka 2011 aliutoa bure mchoro wa amplifaya ndogo iitwayo O2 pamoja na vipimo vyake vyote, ili aonyeshe kwamba kazi hii yaweza kufanywa vyema kwa fedha kidogo. Mwaka uliofuata akanyamaza kimya. Mtambo wake ungali ukitengenezwa na mafundi hapa na pale duniani.

Kati ya marumaru na mtu asiye na jina, nikaona bora niende kwa mtu ninayemjua. Nikapanda gari hadi Thika, Makongeni, kwa fundi mmoja mstaafu aliyeanza kazi enzi za redio za valvu, zile ambazo ukiziwasha hungoja zipate moto ndipo zinene. Huyu ni mpenzi mkubwa wa nyimbo za Joseph Kamaru, na kifo cha mwimbaji huyo mwaka 2018 hajakisamehe mpaka leo.

"Ustadh," aliniambia, "usianze na amplifaya. Anza na hicho kitakachokaa kichwani."

Akanifafanulia. Hedifoni ndogo za simu zina ukinzani wa omu 16 au 32, na simu yaziendesha bila taabu. Lakini hedifoni kama HD 650 ya mwaka 2003, ambayo anayo yeye kuukuu, ina omu 300. Mtengenezaji asema kwamba ukiipa volti moja hutoa desibeli 103. Volti moja kwa omu 300 ni kiasi cha miliwati tatu na nukta tatu, basi. Ukitaka desibeli 113 kwa ajili ya kishindo cha ghafla cha muziki, wahitaji nguvu mara kumi, yaani miliwati 33. Simu nyingi hazifiki hapo, lakini amplifaya ya bei nafuu hufika na ikabakiza. Wati nzima nzima zinazotangazwa kwenye maboksi ni za hedifoni chache zenye ulafi mkubwa. Na mwenye kuziongeza kwa furaha akumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sikio likifa halina spea.

La pili alilonionya ni ukinzani wa amplifaya yenyewe pale inapotolea sauti. Usizidi sehemu moja kwa nane ya ukinzani wa hedifoni, ama sivyo besi huvimba na sauti ya mtu ikapoteza umbo lake. La tatu ni umeme. Mtambo ulioagizwa kutoka Marekani hutaka volti 120, na hapa kwetu ni 240. Wapo waliouchomeka ukutani kwa pupa na kuuzika siku hiyo hiyo.

Kisha tukafanya mtihani. Juu ya meza zilikuwapo tatu: ndogo ya mchoro wa O2, kubwa ya transista ya mteja wake mmoja iliyo karibu na bei ya ile ya mpwa wangu, na moja ya valvu, inang'aa kama taa ya karabai. Fundi alizisawazisha sauti kwa mita ya volti, kwa maana tofauti ya desibeli moja tu, ambayo ni asilimia 12 ya volti, yatosha kulidanganya sikio liseme iliyo juu kidogo ndiyo bora. Akazifunika kwa leso, akawa anabadilisha mimi nisijue.

Ile ya valvu niliitambua kila mara. Ilikuwa tamu, sikatai, udi ulinenepa kama uliolishwa samli, lakini kabla ya mwimbaji kuanza kulikuwa na mvumo mdogo wa umeme chini yake, na ukimya wa ami yangu nao ni sehemu ya shairi. Hizo mbili nyingine nilijaribu mara kumi, nikapatia sita. Mwenye kurusha shilingi angepata tano. Kubwa ilinishinda kwa jambo moja tu: ukiteremsha sauti chini kabisa usiku, masikio yote mawili husikia sawa, na ile ndogo huegemea upande wa kushoto. Hilo lina thamani yake, lakini si thamani ya dola elfu moja na mia tano.

Fundi naye ana kipimo chake, nacho kilinifurahisha. Kwao "th" ya Thika haitamkwi kama thei, bali ni dhali safi kabisa, kama tuliyopigiwa viboko chuoni mpaka ulimi ukakaa mahali pake. Yeye huweka Kamaru na kuisikiliza dhali hiyo. Mtambo ukiikata makali, hautaki. Nikamwambia kwamba mwalimu wangu wa chuoni, aliyekuwa akitufunga macho na kututaka tutenge sini na swadi, angempa kazi.

Lakini pumzi ya ami ilikuwa haijapatikana katika amplifaya yoyote kati ya hizo. Nilisikia K, sikusikia zaidi. Hapo fundi akaichukua ile mashine ya kaseti, akasafisha kichwa chake kwa spiriti, akatia bisibisi nyembamba kwenye skrubu iliyo kando yake, akaizungusha polepole huku kanda ikicheza. Kichwa kilikuwa kimekaa mshazari, na kichwa cha mshazari hula sauti zote nyembamba. Ghafla vigelegele vikang'aa, nyuzi za udi zikaachana, na ami akawa chumbani pamoja nasi. Miaka yote hiyo tulikuwa tukigombania skrubu.

Sikutaka kujiamini, kwa kuwa mimi nilikuwa na ninachokitaka. Nikamwekea fundi ubeti wa kwanza, ambamo ami anamwambia mtu akae kitako, kisha ubeti wa nne, kwenye ile amplifaya ndogo. Nikamwuliza kama K mbili hizo ni moja. Hajui Kimvita, wala hana shangazi katika kesi hii. Akafumba macho, akarudia mara tatu.

"Ya pili ina pumzi," akasema.

Nimemwandikia mpwa wangu kwamba fedha zake, kama angali na nia, azitume zikahamishe kaseti nyingine kumi na tisa za wazee wetu kabla utepe haujaota ukungu. Amekubali, ingawa aliuliza tena kama sitaki hata ile ya nusu bei.

Shangazi alikuja Ruiru mwezi uliopita. Nilimvalisha hedifoni juu ya ushungi wake, nikamwekea ubeti wa nne. Alisikiliza mpaka mwisho wa wimbo, machozi yakimtoka, akaniomba niurudie wote. Hatukubishana usiku ule. Asubuhi, akiwa kwenye kiti cha basi la Mombasa, alinipigia simu kuniambia kwamba kaka yake alikuwa na mafua siku ile ya harusi, na kaa ni la moto.