Mashine ya Tiketi na Haki ya Kondakta

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari la kondakta lilikuwa kitabu cha tiketi chenye vishina, na jioni vishina hivyo vilihesabiwa mbele ya karani. Leo katika mabasi mengi ya Tanzania yaendayo mikoani kondakta hushika mashine ndogo, na hesabu zake husafiri hewani. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini imehimiza tiketi za namna hii, nasi twaliunga mkono jambo hilo. Lakini yatupasa kuuliza: mtandao ukatikapo, ni nani abebaye hasara?

Kwanza tueleze kazi ya mashine yenyewe. Ndani yake mna laini kama ile iliyomo katika simu ya mkononi. Abiria akilipa, kondakta hubonyeza kituo na nauli, na mashine huchapa karatasi. Papo hapo namba ya tiketi, saa na kiasi cha fedha hupelekwa kwa mawimbi ya redio hadi mnara wa simu ulio karibu, na kutoka huko hadi kompyuta kuu. Hivyo mwenye basi aweza kukaa Dar es Salaam akajua kilichouzwa Dodoma.

Lakini kila msafiri ajua kwamba barabara zetu hupita mahali pasipo na mnara. Hapo ndipo mashine njema hupambanuka na mbaya. Iliyo njema huendelea kuchapa tiketi, ikaziweka habari katika hifadhi yake, kisha ikazituma zote mtandao urudipo. Iliyo mbaya hugoma. Basi kondakta huandika kwa mkono, na jioni hesabu zisipolingana, yeye ndiye wa kwanza kudhaniwa mwizi.

Wengine wamekwisha kulipitia jambo hili. Katika kadi ya Oyster, iliyoanza kutumika London mwaka 2003, salio la abiria liliandikwa katika kadi yenyewe, hata basi halikuwa na haja ya kuuliza makao makuu kabla abiria hajapanda. Kenya nayo, mwaka 2014, iliagiza nauli za matatu zilipwe kwa kadi. Agizo hilo halikushika, maana kadi zilikuwa za namna nyingi na watu wa matatu wenyewe hawakuridhika. Twajifunza kwamba mtambo haufaulu mpaka wautumiao wawe na imani nao.

Hatusemi haya ili kumtetea mwizi. Kondakta apokeaye nauli bila kutoa tiketi humwibia mwajiri wake, tena humdhulumu abiria, ambaye hana cha kuonyesha mzigo wake ukipotea. Lakini mwaminifu naye asihukumiwe kwa kosa la mawimbi.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. La kwanza, basi lisipewe mashine isiyoweza kuhifadhi tiketi wakati mtandao haupo. La pili, mshahara wa kondakta usikatwe kabla hifadhi ya mashine haijasomwa. Namba za tiketi hufuatana, na palipo pengo hujionyesha penyewe. La tatu, kondakta apewe nakala ya hesabu ya kila siku. Saa ya tiketi ya kwanza na saa ya tiketi ya mwisho ni ushahidi wa muda aliokuwa kazini. Mfanyakazi aliyeanza alfajiri akamaliza usiku atakuwa na la kuonyesha adaipo malipo ya ziada.

Daftari lililo wazi kwa upande mmoja tu si daftari, ni mtego. Ikiwa mashine yaweza kumshitaki kondakta, basi na iweze kumtetea. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.