Piano ya parokia: tununue ile tunayoweza kuigusa

Mavuno yakishauzwa, au Pasaka ikikaribia, vikao vingi vya kamati za kwaya huwa na ajenda moja kubwa: kinanda kimechoka, tununue kingine. Siku hizi kinachotajwa mara nyingi si kile kinanda chepesi cha midundo tulichokizoea, bali piano ya kidijitali, yenye vitufe 88 vizito kama vya piano halisi. Waseminari wanaojifunza muziki wanaitamani, walimu wa kwaya wanaitamani. Halafu mtu mmoja anatoa simu mfukoni, anaonyesha bei ya Marekani au Ulaya, na kikao kizima kinashangaa: kumbe Kariakoo wanatuibia!

Sisi hatuoni hivyo. Maoni yetu ni kwamba parokia yenye fedha kidogo inunue hapa hapa nchini, piano ambayo mpigaji wake ameipiga kwa vidole vyake kabla shilingi haijatoka. Tunasema hivi kwa sababu fedha hizo ni michango ya jumuiya ndogo ndogo. Ni elfu moja moja za akina mama wa WAWATA na za wazee ambao wengine hawana hata bima ya afya. Zikipotea bandarini au zikiungua kwenye soketi, hakuna atakayethubutu kupitisha bakuli mara ya pili.

Tuanze na hiyo bei ya kwenye simu. Piano nyepesi za kuanzia, kama Yamaha P-45 na mrithi wake P-145, zimekuwa zikiuzwa Marekani kwa takriban dola 500. Tuchukulie usafiri na bima vinafika dola 150. Forodha haihesabu dola 500, inahesabu 650, kwa sababu ushuru hukokotolewa juu ya bei pamoja na bima na usafiri. VAT ya asilimia 18 peke yake juu ya hizo 650 ni dola 117, na hapo hatujaweka ushuru wa forodha wenyewe (ambao nao huongeza kiasi kinachotozwa VAT), wala malipo ya wakala, wala gharama za bandari, wala lori la kuitoa Dar es Salaam hadi parokiani. Bei ya dukani inayotushtua imekwisha kubeba mzigo huo wote. Omba tu risiti ya EFD na dhamana iliyoandikwa.

Wapo wanaosema: basi padre wetu anayesoma Roma aje nayo likizo. Pimeni kwanza. Yamaha P-45 ina uzito wa kilo 11.5, na huo si tatizo. Tatizo ni urefu. Ukijumlisha urefu, upana na kimo chake unapata kama sentimita 178, wakati mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha sentimita 158 kwa begi la kawaida. Hapo bado haijafungwa kwenye boksi. Padre atalipishwa ziada uwanjani, na ni nani atakayemrudishia?

Kwa wafadhili wa ng'ambo tuna neno lingine, ingawa tunajua si rahisi kulisema. Anayetaka kutusaidia piano, tumwombe kwa heshima atusaidie fedha. Piano iliyotumika ikija kwenye kontena, inakuja na umeme wa kwao. Ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120, na soketi zetu ni 230. Zile kubwa zenye kabati, ambazo waya wake unaingia moja kwa moja ndani, ukizichomeka bila transfoma zinaungua siku hiyo hiyo. Zile ndogo zinatumia adapta ya nje, na hapo kuna afadhali, kwani unaweza kununua adapta nyingine. Lakini usichukue yoyote inayoingia kwenye tundu. Soma volti, soma ampea, halafu angalia mchoro mdogo unaoonyesha chanya iko ndani au nje. Yamaha huweka chanya ndani, baadhi ya Casio za zamani huweka hasi ndani. Fundi wa redio atakuambia ni vinanda vingapi vimeletwa kwake kwa kosa hilo dogo.

Mkifika dukani, nendeni na mpigaji. Tumeona kamati zikimtuma mhasibu na katibu, mpigaji akabaki nyumbani kwa sababu ni kijana. Yeye ndiye apige vitufe vyote 88 kimoja kimoja, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Kitufe kinachopiga kelele hata kikiguswa kidogo, au kinachonyamaza mara moja moja, mara nyingi kina mpira wa ndani uliochakaa au ulioingia vumbi. Kwa piano ya mtumba hiyo ndiyo habari muhimu kuliko rangi yake. Avae hedifoni, maana mtaa wa Kariakoo hauruhusu kusikia kitu. Ajaribu pedali. Aangalie tundu za nyuma pia. P-45 haina tundu la pekee la kwenda kwenye mikisa. Mnatumia lile lile la hedifoni, na mkichomeka, spika zake zenyewe zinanyamaza. Spika hizo zina wati 6 kila moja, zinatosha darasa, hazitoshi kanisa. Kwa hiyo bajeti isiyo na waya, stendi imara na spika ndogo ya kumrudishia mpigaji sauti haijakamilika. Kwa vigango visivyo na umeme, ulizeni Casio CDP-S110. Inakubali betri 6 za AA, na kwa piano ya vitufe 88 hilo si jambo la kawaida.

Lakini je, ni lazima iwe 88? Seminari inayofundisha, ndiyo, kwa kuwa vidole vinajengwa kwa vitufe vizito, na aliyezoea vyepesi hupata shida siku akiketi kwenye piano halisi. Parokia inayosindikiza nyimbo za sauti nne tu inaweza kuishi vizuri na 61. Hata kinanda cha mabomba kwa kawaida hakizidi vitufe 61 kwa safu moja.

Wengine watatukumbusha kwamba Papa Pius X alikataza piano kanisani mwaka 1903. Ni kweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 120, ulikipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza na kuruhusu vyombo vingine vinavyofaa kwa ibada na hadhi ya hekalu, kwa idhini ya mamlaka husika. Kinachotusumbua zaidi ni midundo inayojipiga yenyewe. Maelekezo ya Roma ya mwaka 1958 yalikataza vyombo vinavyojiendesha katika liturujia, na sababu inaeleweka: mashine haisali. Piano isiyo na midundo inamlazimu mpigaji ajifunze. Tunawajua wapigaji hodari wanaopiga kila wimbo kwa C na kubonyeza kitufe cha kupandisha ufunguo. Hatuwalaumu. Walijifunza wenyewe, kwa solfa, bila mwalimu.

Ndiyo maana tunapendekeza kwamba katika kila shilingi milioni moja inayochangwa, laki mbili zibaki kwa ajili ya kumfundisha mpigaji. Kama fedha hazitoshi vyote viwili, nunueni chombo cha bei ya chini zaidi. Halafu piano iandikwe kwenye daftari la mali za parokia, isiwe ya kwaya moja, na funguo za chumba zisikae kwa mwenyekiti anayesafiri. Mpigaji apewe saa zake, tuseme Jumanne na Alhamisi jioni, na katekista ajue hivyo ili asimfukuze akidhani anacheza.