MAKOFI HAYARUSHI NDEGE

Msomaji, kila Machi 8 unasikia hotuba ileile. Mgeni rasmi anapanda jukwaani na kuwaambia wasichana waliosimama juani tangu asubuhi kwamba nao wanaweza kuwa marubani. Uwanja mzima unapiga makofi. Kisha mheshimiwa anaingia kwenye gari lenye kiyoyozi na kwenda zake. Binti wa shule ya kata anarudi kwenye darasa lisilo na mwalimu wa fizikia, na maabara iliyofungwa kufuli.

Tunauliza: huyo binti atafikaje angani?

Hesabu zenyewe ni hizi. Kwa kanuni za kimataifa, anayetaka leseni ya urubani wa biashara lazima arushe ndege saa 200, au 150 akisoma katika chuo kilichoidhinishwa. Kila saa ni mafuta, ni kodi ya ndege, ni malipo ya mkufunzi. Gharama ya mafunzo hufika makumi ya maelfu ya dola. Mama anayeuza mchicha Tandale, hata ajinyime miaka ishirini, hazifikishi. Basi tusishangae kuona duniani kote mwanamke ni kama mmoja tu kati ya marubani ishirini.

Tazama kwa jirani zetu. Kapteni Irene Koki Mutungi wa Kenya ndiye mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Sifa hiyo ni yake, ameitolea jasho. Lakini baba yake naye alikuwa rubani, na maji hufuata mkondo. Je, binti ambaye baba yake ni mvuvi wa Mafia au mkulima wa Kibondo afuate mkondo upi?

Ethiopia hawakungoja baba wa mtu. Shirika lao la ndege lina chuo chake, linafundisha marubani na mafundi wake. Amsale Gualu alipata ukapteni mwaka 2010. Novemba 2015 ndege yao ikaruka kutoka Addis Ababa hadi Bangkok, na marubani na wahudumu wote walikuwa wanawake.

Hata Bessie Coleman, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1892, hakupaa kwa maneno matamu. Alikuwa akitengeneza kucha za wateja katika kinyozi huko Chicago. Shule za urubani za nchi yake zilimkataa, kwanza kwa kuwa mweusi, pili kwa kuwa mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, alimshauri aende Ufaransa, na wenye uwezo wakamchangia. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, na Juni 1921 akapata leseni. Waliomtia moyo walitia na mkono mfukoni.

Sasa turudi kwetu. Septemba 2016 serikali ilileta Bombardier mbili, na Julai 2018 ikatua Boeing 787. Zilipokewa kwa shangwe kubwa. Zilinunuliwa kwa fedha za umma, na humo imo kodi ya yule mama wa mchicha. Anayo haki ya kuuliza: kama ndege ni yangu, mbona binti yangu haoni njia ya kufika kwenye usukani?

Tunayodai yanatekelezeka. Kila nafasi ya urubani inayolipiwa na fedha za umma itangazwe magazetini na redioni hadi vijijini, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe hadharani, ili watoto wa vigogo wasipitie mlango wa uani. Nusu ya nafasi zitengewe wasichana. Asiye na fedha akopeshwe, alipe kwa kulitumikia taifa. Na maabara za shule za kata zipate vifaa na walimu, maana safari ya angani inaanzia kwenye hesabu za kidato cha kwanza.

Wapo watakaosema tunataka kubeba wasio na uwezo. La hasha! Mtihani ubaki uleule na kipimo cha afya kilekile. Tunachotaka ni binti afike kwenye chumba cha mtihani.

Nawe mzazi, usimwambie binti yako kwamba kazi yake ndani ya ndege ni kugawa soda tu. Ualimu wa hesabu nyumbani hauhitaji bajeti ya serikali: mpunguzie ndoo za maji jioni, kaka yake naye achote, yeye apate saa moja ya kusoma. Kuna urubani, kuna ufundi wa ndege, kuna kuongoza ndege kutoka mnarani. Kazi zote hizo zinafundishwa, na anayefundishika ni mwenye nafasi ya kusoma.

Machi 8 ijayo, mgeni rasmi akimaliza hotuba, usipige makofi kwanza. Nyosha mkono umuulize: mheshimiwa, mwaka huu mmelipia wasichana wangapi?