Neno Litangulie, Kinanda Kifuate



Vigango vingi vya milima yetu ya Usambara havina kinanda. Vina ngoma, vina kayamba, vina sauti za watu. Lakini mwalimu wa kwaya wa kigango, ambaye siku za kazi yuko kwenye shamba la kabeji au darasani, siku hizi ana simu mfukoni. Simu hiyo inaweza kumwonyesha vitufe vya kinanda kwenye skrini, na kila anachogusa kikatoa sauti yake. Akipata kompyuta, hata iliyotumika, anaweza kuandika nota za sauti nne na kuzisikiliza kabla ya kuitisha mazoezi. Hizi ndizo programu ninazoziita hapa kinanda pepe.

Maoni yangu ni kwamba waseminari na walimu wetu wa kwaya wafundishwe kuzitumia, tena kwa utaratibu, si kila mmoja kubahatisha peke yake. Lakini wafundishwe pia jambo ambalo programu yenyewe haiwezi kuwafundisha: wimbo wa Kanisa huanza kwenye neno, si kwenye kitufe. Tukiugeuza mpangilio huo, tutapata nyimbo nyingi zenye nota safi ambazo waamini hawawezi kusali nazo.

Kwa nini tujifunze

Hati ya Mtaguso kuhusu Liturujia, Sacrosanctum Concilium, ilitolewa tarehe 4 Desemba 1963. Namba 115 inataka mafundisho na mazoezi ya muziki yapewe uzito mkubwa katika seminari na nyumba za malezi. Namba 119 inataka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yaheshimiwe na kupewa nafasi katika ibada. Namba 121 inawaambia watunzi wasitunge kwa ajili ya kwaya kubwa tu, bali pia kwa kwaya ndogo na kwa ajili ya waamini wote. Mwaka huohuo wa 1963, Padre Stephen Mbunga, mtunzi wa hapa kwetu Tanzania, alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo wajibu huu si mpya, na wala haukuletwa na kompyuta.

Soma namba hizo tatu kwa pamoja, kisha mfikirie jandokasisi ambaye baada ya miaka michache atakuwa padre katika mabonde ya huku. Atakuta kwaya ya watu kumi na wawili, ngoma mbili, na hakuna mpiga kinanda. Dominika ina zaburi yake yenye kiitikio chake, na mzunguko wa masomo ni wa miaka mitatu, A, B na C. Nani atawatungia watu hawa viitikio wanavyoweza kuimba? Mara nyingi zaburi husomwa tu, au kila Dominika hubebeshwa sauti ileile. Mtunzi mkubwa wa mjini hatungi akiifikiria kwaya ya watu kumi na wawili. Anayeifikiria ni yule anayeishi nayo.

Hapo ndipo kinanda pepe kinapofaa. Huhitaji kuwa mpiga kinanda stadi ili utunge. Unahitaji kusikia sauti mbili au tatu zikipatana, na kuandika ulichosikia kabla hakijapotea. Programu kama MuseScore ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Unabonyeza herufi N kuanza kuandika, kisha herufi A hadi G kwa majina ya nota, na tarakimu kwa urefu wake: 5 ni nota ya pigo moja, 6 ya mapigo mawili, 4 ya nusu pigo. Mwanafunzi makini huyazoea hayo kwa siku chache.

Kuna faida nyingine kwa sisi tunaoishi mahali ambapo mtandao hukatika kila mlima unapojikunja. Programu hizi huweza kuhifadhi wimbo katika faili la MIDI, utaratibu uliotumika tangu mwaka 1983. Faili hilo halibebi sauti yenyewe, bali maelekezo tu: nota ipi, ianze lini, idumu kiasi gani, igongwe kwa nguvu gani. Ndiyo maana ni dogo sana. Wimbo mzima hufika kwa WhatsApp pale ambapo sauti iliyorekodiwa ingekwama. Mwenye besi aliyeko Rangwi anaweza kupata sehemu yake na kujifunza kabla ya kukutana na wenzake.

Mashine ina mazoea yake

Hata hivyo, chombo hiki si bubu kama karatasi tupu. Ukifungua ukurasa mpya katika nyingi ya programu hizi, unakuta umeshapangiwa: mapigo manne kwa kila kipimo, ufunguo wa C, mwendo wa mapigo 120 kwa dakika. Hakuna aliyekulazimisha, lakini mwanafunzi asiyejua hukubali alichopewa. Matokeo yake ni nyimbo za Kwaresima zinazotembea kama gwaride, na nyimbo za matoleo zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja.

Wasambaa wana mdumange, wana nyimbo za harusi na za kilimo. Katika ngoma nyingi za Kibantu mkono mmoja hugawa muda kwa mbili na mwingine kwa tatu, na utamu uko katika kukutana kwao. Programu inaweza kuandika hayo, ukiiambia. Badilisha kipimo kuwa sita kwa nane. Punguza mwendo. Kwanza mkalishe mpiga ngoma wa kigango, msikilize, ndipo uandike. Namba 119 ya Hati ya Liturujia haitatimizwa kwa kuwasha mdundo uliotengenezwa kiwandani na kuuita wa kwetu.

Kiswahili kina uzito wake

Jambo zito zaidi ni maneno. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: wo-KO-vu, u-tu-KU-fu, m-chu-NGA-ji. Maneno machache tu huenda kinyume, na wakati mwingine mkazo hubadili maana: bara-BA-ra ni njia, lakini ba-RA-bara ni sawasawa kabisa. Programu haijui hayo. Ukiweka pigo zito kwenye silabi ya mwisho ya neno Bwana, itapiga bila kulalamika, na utasikia kwamba ni sawa kwa sababu kinanda hakina maneno. Siku kwaya inapoimba, neno linatoka limevunjika.

Kutokana na kanuni hiyo, sentensi ya Kiswahili hupenda kuishia na silabi nzito inayofuatwa na nyepesi. Sauti nyingi za Ulaya huishia kwa nota moja nzito kwenye pigo la kwanza. Ndiyo maana baadhi ya nyimbo tulizorithi kwa kutafsiriwa huwalazimisha waamini kusukuma silabi ya mwisho kama mtu anayepandisha gunia mlimani. Wamisionari walikuwa na sababu zao: walikuja na sauti walizozijua, wakatafuta maneno ya kuzijaza. Sisi tuliozaliwa ndani ya lugha tunarudia jambo lilelile tukianza kwa kupapasa vitufe hadi sauti tamu ipatikane, kisha tukatafuta maneno ya kuyabandika juu yake.

Mashairi ya wimbo huongeza ugumu. Imba ina mkazo mwanzoni. Ukisema imbeni mkazo umesogea. Ukisema mwimbieni umesogea tena. Sauti iliyokaa vizuri katika shairi la kwanza inaweza kuliumiza shairi la tatu. Mtunzi mwaminifu hulipitia kila shairi na kubadilisha nota pale inapobidi. Na atakayetunga kwa Kisambaa azingatie zaidi, kwa sababu katika lugha hiyo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe.

Kinanda hakina mapafu

Programu haipumui. Itapiga vipimo kumi na sita bila kupumzika, na itampandisha soprano hadi mahali ambapo mama wa kigangoni hatafika hata kwa mbio. Soprano ikisikika vizuri kwenye simu, hiyo si habari kwamba inaimbika. Kwa wimbo wa waamini wote, usiende mbali na C ya kati hadi D ya oktava inayofuata. Kwa kwaya ndogo, acha nafasi ya kuvuta pumzi kila sentensi inapokwisha, na usimtegemee tenori ambaye hayupo. Wimbo wa sauti mbili ulioimbwa vizuri ni heshima kubwa kwa Mungu kuliko wa sauti nne ulioporomoka.

Tujue pia mipaka ya chombo chenyewe. Skrini haina uzito wa kitufe, kwa hiyo vidole havijifunzi kupiga kinanda halisi. Kwenye simu sauti inaweza kuchelewa baada ya kuguswa, hasa kwa spika za Bluetooth. Afadhali spika za masikioni za waya. Ukitumia kibodi ya kompyuta kama kinanda, ukibonyeza herufi nne pamoja moja inaweza kutosikika, nawe ukadhani kodi yako ni mbovu. Na usihifadhi kazi katika mfumo wa programu moja tu: Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuacha kuiendeleza Finale, programu iliyotumika kwa miaka 35. Weka nakala ya PDF, nyingine ya MusicXML, na moja ya karatasi katika kabati la parokia.

Wenye mashaka

Wapo walezi wanaosema simu ni kishawishi seminarini. Wana haki ya kuuliza. Lakini kinachohitajika si simu kwa kila mwanafunzi. Ni kompyuta moja au mbili katika chumba cha muziki, zisizo na intaneti, na ratiba inayojulikana.

Wengine wanahofia kwamba padre wa kesho ataweka simu juu ya meza ya kwaya, iunganishwe na spika, nayo iimbe badala ya watu. Hofu hii naikubali kabisa. Nafasi ya kinanda pepe ni mezani kwa mtunzi na kwenye mazoezi. Siku ya Dominika kizimwe. Sala ya waamini haiwezi kukabidhiwa faili.

Kuna na wale wanaosema: kwa nini tuhangaike, wakati akili mnemba inatunga wimbo mzima kwa sekunde? Jibu langu ni kwamba mtunzi wa liturujia halipwi kwa bidhaa tu. Anapokaa na kiitikio cha zaburi kwa siku tatu, akikitamka, akikiimba shambani, akikipima kwa pumzi yake, Neno linamfanyia kazi kwanza yeye. Kwa jandokasisi, saa hizo ni sehemu ya malezi. Kuzikwepa ni sawa na kumwomba mwingine akufungie mfungo.

Tuanzie wapi

Napendekeza mpangilio rahisi. Chukua kiitikio cha zaburi ya Dominika ijayo. Kisome kwa sauti mara kumi na upigie mstari silabi zenye mkazo. Kiimbe bila chombo chochote, ukitembea, mpaka sauti moja ikubali kukaa. Ndipo ufungue programu, uitafute sauti hiyo kwenye vitufe, uiandike, uongeze besi, kisha alto na tenori kama wapo. Sikiliza mara moja tu, zima, na uwafundishe watu watatu kwa mdomo. Wakikosea mahali palepale mara tatu, rekebisha wimbo, usiwalaumu. Mwisho upeleke kwa wanaohusika na ithibati. Nota zilizoandikwa vizuri zitawarahisishia kazi.

Tarehe 22 Novemba tunamkumbuka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Naomba kila darasa la seminari na kila kwaya ya kigango, kutoka Gare hadi Mtae, walete kufikia siku hiyo kiitikio kimoja cha zaburi walichotunga wenyewe. Kimoja kinatosha kwa kuanzia. Kila atakayekileta aje na watu watatu wanaoweza kukiimba bila simu.