Kiumbe Asiye na Jina Hana Mtetezi

Wapo wanaouliza taifa linafaidi nini mtaalamu anapoinamia darubini siku nzima akichunguza vinyweleo vya mdudu asiyetimiza urefu wa punje ya mchele. Swali hilo lastahili jibu, na jibu limo katika pango la Krubera-Voronja, huko Abkhazia, Georgia.

Mwaka 2010 wavumbuzi wa mapango waliteremka humo wakakusanya kolembola, yaani viumbe wadogo wa udongoni wenye miguu sita na wasio na mabawa. Mmoja wao alipatikana katika kina cha mita 1,980, ndani ya giza totoro, ambako chakula ni kuvu na mabaki yanayooza. Hata hivyo, kupatikana kwake hakukuwa kutambuliwa kwake. Rafael Jordana na Enrique Baquero, wa Chuo Kikuu cha Navarra, Hispania, waliwachunguza viumbe hao kwa darubini, wakawalinganisha na jamaa zao waliokwisha kuandikwa. Katika kazi ya namna hiyo, mpangilio wa vinyweleo, umbo la kucha na viungo vya hisi kwenye vipapasio ndivyo vinavyotoa ushahidi. Mwaka 2012 walitangaza spishi 4 mpya, na yule wa kina kirefu wakamwita Plutomurus ortobalaganensis.

Kazi hiyo si anasa. Kila mtumishi wa serikali anajua kuwa shauri lisilo na jalada halijadiliwi. Hali kadhalika, ni vigumu kumtetea kiumbe ambaye hajaandikwa popote. Tena kiumbe wa pangoni aweza kuwa hana makao mengine duniani. Pango likivunjwa, naye ametoweka.

Tanzania nayo ina miamba ya chokaa yenye mapango, kama yale ya Amboni, Tanga. Na chokaa ni malighafi ya saruji. Saruji yahitajika, kwani shule na zahanati hazijengwi kwa maneno. Lakini busara yataka viumbe waliomo ndani ya mwamba wowote watambuliwe kabla ya baruti kulipuliwa, si baada yake.

Hapana budi, basi, walimu wawafundishe vijana kutazama kwa makini, kupima na kuandika walichokiona. Nao wapangaji wa bajeti wasiwasahau wanaotunza vielelezo katika makumbusho na vyuo. Kujitegemea hakuishii shambani na kiwandani. Nchi isiyo na watu wa kuvitambua viumbe vyake itangoja wageni waje kuitajia mali yake yenyewe.